DAWA MPYA, TELEFONE MPYA, MASHAKA YA ZAMANI



Kila siku ya kupima watoto, swali moja linarudi kwenye mlango wa dispensari: "Muganga, hii dawa mpya waliijaribu kwa nani?" Mwenye kuuliza anafungua kitambaa, anatoa telefone, anabonyeza. Sauti ya mtu asiyejulikana inaanza kusema kwamba chanjo ile inaua uzazi, ao kwamba imeletwa ili kupunguza watu wa Afrika. Benchi nzima inasikiliza. Kisha mama mmoja anasimama polepole, anamfunga mtoto mgongoni, anarudi nyumbani bila kuchanjwa.

Ukurasa wa leo unaandikwa kwa ajili ya mama huyo anayeondoka, na kwa ajili ya bwana wake aliye shimoni. Hatutamcheka. Swali lake ni zuri, na kila mtu anapashwa kuliuliza. Shida ni kwamba amekwenda kutafuta jibu kwa sauti isiyo na jina, na muganga aliyekaa mbele yake hakumuuliza kitu.

MASHAKA YANATOKA WAPI?

Usifikiri kwamba mashaka yalizaliwa pamoja na telefone. Wazee wa makambi ya Katanga wanakumbuka habari za batumbula. Zamani za Wabelgiji ilisemekana kwamba watu hao walitumwa na wazungu kukamata wapita njia usiku, na aliyekamatwa hakuonekana tena. Watoto waliingia nyumbani mapema kwa sababu ya jina hilo tu.

Kwa nini watu walisadiki? Fikiri kidogo. Mtu alitolewa kijijini, akapimwa uzito, akachomwa sindano, akapewa namba, na hakuna aliyemfasiria neno moja katika lugha yake. Mtu asiyefasiriwa hujifasiria mwenyewe.

Tena si mashaka yote yalikuwa hadithi tupu. Miaka ya 1940 na 1950, katika Kongo ya Wabelgiji na katika makoloni ya Ufaransa, watu wengi sana wa vijijini walichomwa dawa iitwayo Lomidine. Waliambiwa kwamba itawakinga na ugonjwa wa usingizi. Walipangwa mistari, wakachomwa, wakarudishwa nyumbani. Mwaka 1954, kule Yokadouma nchini Kamerun, nyama ya watu ilioza mahali walipochomwa, na wengine wakakufa. Baadaye waganga walitambua kwamba kumchoma mtu mzima wa afya dawa ile haikuwa kinga ya kutegemea, na kazi hiyo ikaachwa. Dawa yenyewe si sumu: ikitolewa vizuri kwa mgonjwa ambaye ugonjwa wa usingizi haujamfikia ubongoni, inaweza kumponyesha. Kosa lilikuwa kuwachoma maelfu kwa haraka na kwa amri, pasipo kuwauliza.

Kwa hiyo, ndugu, babu yako aliyejificha porini siku ya sindano hakuwa mjinga. Lakini kumbuka pia: mambo hayo tunayajua leo kwa sababu watu walihesabu, waliandika, na walikubali kusema ukweli. Mashaka yanayouliza na kuhesabu yanaokoa watu. Mashaka yanayokimbia tu hayamwokoi mtu.

RADIO TROTTOIR IMEINGIA MFUKONI

Wakati wa Zaïre, kila mtu alijua radio trottoir, redio ya barabarani isiyo na antena. Habari ilipita sokoni, kwenye bomba la maji, kwenye baa siku ya mshahara. Lakini radio trottoir ilikuwa na kitu kimoja kizuri: mwenye kuisema ulimwona kwa macho. Ulijua kama ni mlevi, ao kama ana ugomvi na mtu anayemsema. Uliweza kumuuliza: "Yaya, wewe umesikia kwa nani?"

Telefone imeondoa uso wa mwenye kusema. Inaleta sauti kutoka mji usioujua, inaileta usiku, na inaileta kwa mkono wa mtu unayempenda: shemeji, dada, rafiki wa kwaya. Unasadiki kwa sababu ya shemeji, lakini shemeji naye ametumiwa na mwingine. Tena siku hizi kompyuta inaweza kuiga sauti ya daktari ao ya mkubwa wa Serikali, hata kutengeneza picha inayofungua kinywa na kusema maneno ambayo mtu huyo hakuyasema kamwe. Kusikia sauti sasa si ushahidi tena.

Ona mfano. Tarehe 1 mwezi wa nne 2020, mwanzoni mwa ugonjwa wa Covid-19, wataalamu wawili walizungumza kwenye televisheni ya Ufaransa juu ya kujaribu kinga Afrika. Watu walikasirika, na walikuwa na haki. Siku mbili baadaye, Profesa Jean-Jacques Muyembe alisema kule Kinshasa kwamba Kongo iko tayari kushiriki katika majaribio ya chanjo. Kipande hicho kifupi kilizunguka katika telefone za nchi nzima. Profesa alifasiria upya kwamba majaribio hayataanza Kongo kabla ya kufanyika kule chanjo inakotengenezwa. Ufafanuzi huo ulitembea kwa miguu, wakati kipande cha kwanza kilipanda ndege.

Ukweli ulikuwaje? Chanjo moja kubwa ya Covid ilijaribiwa mwaka 2020 kwa watu karibu 44,000, na wengi wao walikuwa Marekani. Nyingine ilijaribiwa Uingereza, Brazil na Afrika Kusini. Na hii ya pili, ilipotumiwa kwa mamilioni, ilionekana kwamba kwa watu wachache sana inaweza kugandisha damu. Jambo hilo halikufichwa, na Kongo ilichelewesha kuanza kwa sababu hiyo. Chanjo ilianza tarehe 19 mwezi wa nne 2021. Lakini watu walikuwa wamekwisha kuogopa. Katika dozi milioni 1.7 zilizofika, milioni 1.3 zilirudishwa ili zipewe nchi nyingine kabla ya kuharibika.

MAMBO YA BENI NA BUTEMBO

Tarehe 1 mwezi wa nane 2018 Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini. Kulikuwa na chanjo mpya iliyokwisha kuonyesha nguvu yake Guinea mwaka 2015, lakini ilikuwa haijapata ruhusa ya kuuzwa. Kwa hiyo kila mtu aliyechanjwa aliombwa kutia sahihi kwenye karatasi. Waganga waliona karatasi hiyo kuwa heshima kwa mgonjwa. Watu wa Beni waliuliza: "Kama ni dawa nzuri, kwa nini ninatia sahihi?"

Chanjo ilipewa kwanza waliomgusa mgonjwa, na waliokutana na hao. Kwa waganga, huo ulikuwa ukuta wa kuzunguka moto. Jirani aliuliza: "Kwa nini huyu, na si mimi?"

Kulikuwa na swali zito kupita hayo. Tangu mwaka 2014 watu walichinjwa vijijini karibu na Beni, na msaada haukuonekana. Sasa magari mengi yalifika kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Kisha, tarehe 26 mwezi wa 12 mwaka 2018, ilitangazwa kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura pamoja na nchi nzima, na Ebola ilitajwa kuwa moja ya sababu. Kesho yake watu wenye hasira walishambulia kituo cha wagonjwa mjini Beni, na wagonjwa wakakimbia. Mwezi wa pili 2019, vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Mwezi wa nne, daktari mmoja kutoka Kamerun aliuawa hospitalini Butembo. Mwezi wa 11, mtangazaji wa redio ya kijiji kule Lwemba, Ituri, aliyefundisha watu juu ya Ebola, aliuawa nyumbani kwake.

Ugonjwa ulipotangazwa kumalizika, tarehe 25 mwezi wa sita 2020, wagonjwa walikuwa 3,470 na waliokufa 2,287.

Ni nini kilichosaidia watu kusadiki? Vyumba vya plastiki safi vilijengwa, ili jamaa wamwone mgonjwa wao, wamsemeshe, wajue kwamba hakuna anayetolewa moyo. Watu waliopona waliajiriwa kuwatunza wagonjwa na kubeba watoto wachanga ambao mama zao walilazwa. Redio za pale zilijibu maswali kwa Kiswahili na Kinande. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Uso wa jirani aliyepona ulifasiria dawa kupita karatasi yoyote.

DAWA ILIYOTOKA KATIKA DAMU YETU

Kuna jambo ambalo sauti za telefone hazisemi. Mwaka 1995 Ebola ilipoingia Kikwit, Profesa Muyembe na wenzake waliwapa wagonjwa 8 damu ya watu waliokwisha kupona. Saba kati yao waliishi. Miaka mingi baadaye, kutoka damu ya mtu mmoja aliyepona Kikwit, ilitengenezwa dawa iitwayo Ebanga. Ilijaribiwa pamoja na nyingine tatu huku kwetu Kongo, kwa wagonjwa 681, kuanzia mwezi wa 11 mwaka 2018. Katika wagonjwa 100 waliopewa Ebanga, walikufa kama 35, na kwa dawa nyingine moja ilikuwa karibu hivyo hivyo. Kwa zile mbili zilizobaki walikufa kama 50, nazo ziliachwa. Na waliopata Ebanga mapema, virusi vikiwa bado kidogo mwilini, walikufa kama 10 tu katika 100.

Na ugonjwa wa usingizi? Zamani mgonjwa aliyefikiwa ubongoni alichomwa dawa yenye arseniki, iliyounguza mishipa kama moto na kuua yenyewe mgonjwa mmoja katika 20 hivi. Leo wagonjwa wengi wa aina ya ugonjwa iliyo Kongo wanaweza kutumia vidonge vya fexinidazole kwa siku kumi. Vidonge hivyo vilijaribiwa Kongo na Afrika ya Kati, na Mkongo, Daktari Victor Kande, alikuwa mkubwa wa kazi hiyo. Vilipata ruhusa nchini mwaka 2018. Kama kila mgonjwa wa Bandundu angekataa kushiriki, tusingekuwa na vidonge hivyo.

Wewe wa shimoni unajua jambo hili. Kabla ya kushusha zamu, lifti inashuka kwanza bila mtu, na kamba ya chuma inakaguliwa. Hakuna anayesema kwamba kampuni inamdharau mtu kwa kujaribu kamba. Dawa nayo inajaribiwa kwa ngazi: kwanza maabara na wanyama, kisha watu wachache wanaokubali, kisha mamia, kisha maelfu. Na hata ikiisha kupata ruhusa inaendelea kuangaliwa, kama kamba inavyokaguliwa kila siku.

HATARI TUSIYOIOGOPA

Ni ajabu: mtu anakimbia sindano ya dispensari, lakini jioni ananunua vidonge sokoni, kutoka sahani iliyokaa juani. Kati ya mwisho wa 2014 na mwezi wa nane 2015, kule Ituri, watu zaidi ya 1,000 walilazwa shingo na uso vikijikunja. Watu walifikiri ni ugonjwa wa uti wa mgongo. Vidonge vilipopimwa, vilivyoandikwa diazepamu vilikuwa na dawa nyingine ya ndani, haloperidoli, inayotumiwa kwa wagonjwa wa akili. Watu 11 walikufa. Peleka mashaka yako huko kwanza.

Na angalia surua. Mwaka 2019, macho yote yakiwa Beni, surua ilienea Kongo nzima. Hadi mwanzo wa 2020 ilikuwa imeua zaidi ya watu 6,000, wengi sana wakiwa watoto. Ni karibu mara tatu ya Ebola. Na chanjo ya surua si mpya hata kidogo: inatumika duniani tangu miaka ya 1960. Wengi walikufa kwa sababu chanjo haikuwafikia, na hilo ni deni la wenye kuileta. Lakini wewe uliye karibu na dispensari huna njia ndefu. Mtoto anayerudishwa nyumbani leo bila kuchanjwa anabaki wazi mbele ya surua, hata kama sauti ile ya telefone ilisema juu ya dawa nyingine kabisa.

Sasa kuna chanjo ya malaria. Kongo ilianza kuitoa mwezi wa kumi 2024, katika jimbo la Kongo Central. Ni sindano nne kwa mtoto mdogo. Haiondoi chandarua, na haizuii malaria yote. Muganga akikuambia inazuia yote, anakudanganya.

MASWALI YA KUULIZA MUGANGA

Usitie mkono kabla ya kuuliza. Ni haki yako:

1. Dawa hii inakinga ao inaponyesha ugonjwa gani?
2. Inaweza kuniletea nini? (Maumivu ya mkono, homa ya siku moja ao mbili, mtoto kulia: hayo ni ya kawaida.)
3. Dalili gani zinanipasa kurudi upesi? (Kupumua kwa shida, uso kuvimba, kifafa: kimbia, hata usiku. Kwa hiyo tunakuomba ukae kwenye benchi angalau dakika 15 baada ya sindano.)
4. Nisipoichukua, hatari yangu ni nini?
5. Chupa ina tarehe gani? Nionyeshe.

MASWALI YA KUULIZA TELEFONE

1. Nani anasema? Jina lake, kazi yake, mji wake. Kama hakuna jina, hakuna ushuhuda.
2. Ni lini na wapi? Picha ya zamani ya nchi nyingine mara nyingi inaletwa kama ya jana.
3. Katika WhatsApp, je, kuna mishale miwili juu ya ujumbe? Maana yake umepitishwa mikononi mwa watu wengi. Aliyekutumia hajui chanzo chake.
4. Unaniambia nifanye haraka, niwatumie watu wote kabla haujafutwa? Mwenye ukweli haogopi kungoja hadi asubuhi.

Ukikosa jibu, usiutume mbele. Kidole chako kinaweza kurudisha nyumbani watoto kumi wa kambi nyingine.

NA SISI WAGANGA?

Tunadaiwa pia. Muganga anayejibu "nyamaza, toa mkono" anafanya kazi ya batumbula: mama huyo hatarudi, na atasimulia. Tunapashwa kufasiria kwa lugha ya mtu, kuonyesha chupa, kufungua sindano mpya mbele ya macho yake, kuandika kila homa na kila uvimbe anaotuletea, na kusema "hilo sijui, nitamuuliza daktari" tunapokuwa hatujui. Asiyetendewa hivyo amwone mkubwa wa dispensari.

Baba, ukitoka zamu, muulize mama kama karata ya chanjo ya mtoto imejaa. Mama, ukiwa na sauti ya kukutisha katika telefone, usibaki nayo nyumbani. Njoo nayo siku ya kupima watoto. Tutaisikiliza pamoja na benchi nzima, neno kwa neno, na tutajibu. Ukiisha kusikia majibu, utaamua wewe. Lakini leta telefone na mtoto pamoja.